Udongo Mweupe wa Pugu

Msikilizaji, penye udongo mwekundu pale Kisarawe, ni chuma kilichoshika kutu. Lakini vilima vya Pugu vina kaolini, udongo mweupe kama unga wa muhogo. Ukiupikicha kwa vidole, unateleza. Ulitokana na madini ya feldispa ndani ya mawe ya mchanga: maji yakayaozesha taratibu, kwa muda mrefu mno. Ndio unaotumika kutengenezea vikombe, vigae, rangi, hata karatasi laini. Mahandaki ya wachimbaji wa zamani leo ni makazi ya popo. Kwangu mimi, inauma kuona mjenzi wa Kibaha akinunua vigae vya ng'ambo. Tuuchimbe, ila msitu wa Pugu usiguswe, maana ukikatwa, haurudi upesi.