NGUVU NA UAMINIFU

Leo twazungumza na vijana waliomaliza masomo nao wamo katika kutafuta kazi, na wazazi wao tunaojua kuwa wanasikiliza.

Katika Suratul Qasas twasimuliwa habari za Nabii Musa alipofika Madiani, mkimbizi asiye na mali. Binti wa mzee mmoja alimshauri baba yake amwajiri, akataja sifa mbili: nguvu na uaminifu. Hakutaja ukoo. Nguvu ni kuiweza kazi yenyewe. Kijana asiyejua hesabu hafai kushika daftari za duka, ijapokuwa hakosi sala ya alfajiri katika jamaa.

Tena mzee yule alitaja muda mapema: miaka minane, au kumi Musa akipenda. Basi nawe, kijana wetu, usione haya kuuliza ujira na saa za kazi kabla ya kuanza. Hapa Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yamtaka mwajiri ampe mfanyakazi masharti yake kwa maandishi. Wengi hudhani kuuliza ni utovu wa adabu, kisha mwisho wa mwezi huja ugomvi.

Ama uaminifu, huo huanzia mlangoni. Mwezi wa Aprili 2017 serikali ya Tanzania ilitangaza kuwa watumishi wa umma 9,932 wamepatikana na vyeti vya kughushi, nao wakaondolewa kazini. Wamo waliokwisha kutumikia miaka mingi. Mwaka 2022 serikali iliamua warejeshewe michango yao ya pensheni, kazi hazikurudi.

Wako wazazi wamwambiao mtoto: chukua cheti cha kaka yako, riziki ni ya Mungu. Naam, riziki ni yake Mola, lakini jina ni la kaka, na nafasi ile ilikuwa ya mtoto wa mtu mwingine. Aliyekosa cheti na aende kwa fundi umeme au fundi cherehani, avumilie kutumwa na kufagia, ajifunze. VETA huwapima mafundi waliojifunza kazini, na anayefaulu hupewa cheti chenye jina lake mwenyewe.