Kwa Nini Vifaa vya Wachache Havishuki Bei

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Katibu aliniomba nizungumze juu ya jambo la uchumi, lakini lisiwe la kuwachosha vijana kabla ya chakula cha mchana. Nimechagua jambo ambalo tayari liko mezani kwetu. Katika ajenda ya leo, namba 7, lipo pendekezo la kukifunga chumba cha giza cha Chama cha Wapiga Picha na kukifanya stoo ya madawati, kwa sababu filamu, dawa na karatasi za picha zimekuwa ghali mno. Wapo wanaosema tukifunge kwa sasa, tusubiri bei ishuke, halafu tutakifungua. Nia yangu ni kueleza kwa nini bei hiyo haishuki, na kwa nini kusubiri huko hakutatufaa.

Kwa faida ya vijana waliozaliwa wakakuta picha zinapigwa kwa simu, nieleze kidogo. Filamu ni ukanda wa plastiki uliopakwa jelatini yenye chumvi ya madini ya fedha. Mwanga ukiigusa, chumvi hiyo hubadilika. Ukanda husafishwa kwa dawa gizani, kisha picha hutolewa kwenye karatasi maalumu kwa mashine ya kukuzia. Hiyo ndiyo kazi ya kile chumba kilicho nyuma ya maabara.

Sasa, vifaa hivi havikuzaliwa vikiwa ghali. Mwaka 1900 kampuni ya Kodak ya Marekani ilitoa kamera iliyoitwa Brownie, bei yake dola 1, na mkanda wake senti 15. Kamera ile ilikuwa kisanduku tu chenye lenzi, lakini mtoto wa mfanyakazi wa kawaida kule Marekani aliweza kuinunua. Siri ya bei ile ilikuwa moja: wanunuzi walikuwa wengi. Kiwanda kilitengeneza kwa maelfu na maelfu, na kila mnunuzi alibeba sehemu ndogo sana ya gharama ya kiwanda.

Hali hiyo iliendelea kwa karibu miaka mia moja. Hata sisi tuliosoma hapa miaka ya tisini tuliikuta. Mjini kila mtaa ulikuwa na studio. Watu walipiga picha za pasipoti, za harusi, za kipaimara, za Idi. Magazeti yalitumia filamu. Hospitali zilitumia filamu za eksirei. Sinema zote zilikuwa filamu. Sisi wanachama thelathini wa chama cha shule tuliopiga picha za mti wa mwembe na timu ya mpira tulikuwa kama watu waliodandia lori la mizigo. Lori lilikuwa linakwenda kwa gharama ya wengine, nasi tukachangia nauli ndogo tu, tukadhani ndiyo nauli halali ya safari ile.

Kisha wenye mizigo wakashuka. Mwaka 1975 mhandisi wa Kodak hiyo hiyo, Steven Sasson, aliunda kamera isiyotumia filamu. Ilichukua miaka mingi kufika sokoni kwa wingi, lakini mauzo ya filamu duniani yalipofika kileleni karibu na mwaka 2000, yalianza kuporomoka haraka. Wenye studio wakahama, magazeti yakahama, hospitali nazo zikahama. Kwenye lori tukabaki wadandiaji, na dereva akageuka akatuomba nauli yote.

Hapo ndipo penye kiini cha maneno yangu, basi naomba niyaweke katika hesabu. Chukueni kiwanda cha kufikirika ambacho mashine zake, umeme wake na mafundi wake hugharimu shilingi milioni 100 kwa mwaka, kiuze kisiuze. Kikitengeneza mikanda milioni 1, kila mkanda utabeba shilingi 100 za gharama hiyo. Kikitengeneza mikanda 10,000, kila mkanda utabeba shilingi 10,000. Mashine ni ile ile na mafundi ni wale wale. Kilichobadilika ni idadi ya watu wanaogawana mzigo.

Baadhi yenu mtasema: Hapana, huu ni ulafi wa wafanyabiashara. Ulafi upo duniani, siukatai, na penye watengenezaji wachache hakuna ushindani wa kuuzuia vizuri. Lakini tazameni yaliyowapata wenyewe. Ilford ya Uingereza ilikabidhiwa wafilisi mwaka 2004, ikaokolewa mwaka uliofuata na mameneja wake walioinunua sehemu ya filamu nyeusi na nyeupe. Polaroid ilitangaza mwaka 2008 kuacha kutengeneza filamu za papo kwa hapo. Kodak yenyewe iliomba hifadhi ya mahakama kwa kushindwa kulipa madeni Januari 2012. Biashara ingekuwa mgodi wa dhahabu, wenye mgodi wasingekufa njaa ndani yake.

Tutoke kiwandani twende dukani. Mwenye duka akinunua kreti ya soda asubuhi, jioni fedha yake imerudi na faida. Akinunua boksi la karatasi za picha, huenda likakaa mwaka mzima rafuni. Fedha yake imelala, kodi ya pango anailipa, na boksi lina tarehe ya kuharibika. Hana budi kuweka faida kubwa kwenye kila boksi, au asilete kabisa. Wengi wamechagua kutoleta kabisa.

Aidha, kupunguza bei hakumsaidii. Akishusha bei ya soda, watu watakunywa zaidi. Akishusha bei ya karatasi za picha kwa nusu, wateja hawatakuwa mara mbili, maana asiye na mashine ya kukuzia hana haja na karatasi hata ukimpa bure. Na yule anayeipenda kazi hii ataendelea kununua hata bei ikipanda kidogo. Muuzaji analijua hilo kama sisi tunavyolijua.

Mwisho tufike bandarini na uwanja wa ndege, mahali ambapo sisi watumishi wa serikali hulaumiwa. Katika ushuru wa pamoja wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulioanza mwaka 2005, bidhaa nyingi zilizokamilika hutozwa 25 kwa mia. Tuseme umeagiza kifaa cha namna hiyo cha shilingi 100,000, nauli ya meli na bima kwa kifurushi kimoja ikawa 40,000. Ushuru hautozwi kwenye ile 100,000 peke yake. Hutozwa kwenye 140,000, yaani 35,000. Jumla 175,000. Kodi ya ongezeko la thamani ya 18 kwa mia hutozwa juu ya jumla hiyo, yaani 31,500. Kifaa kimefika 206,500, kabla ya tozo ndogo ndogo na kabla mwenye duka hajapata hata senti.

Sasa tuseme mmeagiza hamsini kwa pamoja, na nauli ikashuka hadi 10,000 kwa kila kimoja. Fanyeni hesabu ile ile: kifaa kitafika 162,250. Mmeokoa 44,250 kwa kila kifaa. Katika hizo, 30,000 ni nauli, na 14,250 ni ushuru na kodi mliyokuwa mkitozwa kwa ajili ya nauli. Sheria haikuguswa wala hakuna aliyependelewa. Ni kuagiza pamoja tu. Vijana, iwekeni hesabu hii kwenye madaftari yenu.

Msidhani haya ni ya wapiga picha tu. Wapenda shabaha wa Ulaya wanaotumia bunduki za upepo wana kilio hicho hicho. Mchezo wao ni wa heshima, umo katika Olimpiki tangu 1984, lakini watu wake ni wachache, na sheria imewagawa hata hao wachache. Uingereza bunduki ya upepo ya bega isiyozidi nguvu ya futi-ratili 12, kiasi cha juli 16, haihitaji cheti cha silaha. Uskoti imeitakia leseni tangu mwisho wa 2016. Ujerumani mpaka wa ile inayouzwa bila kibali ni juli 7.5. Sina ugomvi na sheria za silaha. Zina sababu zake. Lakini mtengenezaji anayeuza kotekote analazimika kuandaa aina mbalimbali kwa soko ambalo tangu mwanzo lilikuwa dogo. Kundi likigawanyika, mzigo wa kila mmoja huongezeka.

Sasa niwajibu wanaosema tufunge leo, tufungue bei ikishuka.

Filamu ilianza kupata wapenzi wapya, hasa vijana. Kodak iliirudisha filamu yake ya Ektachrome mwaka 2018, baada ya kuiacha mwaka 2012. Kampuni ya Harman, ndiyo ile ya mameneja wa Ilford, ilitoa filamu yake ya kwanza ya rangi mwaka 2023. Mwaka 2024 Pentax ilitoa kamera mpya ya filamu, inayopiga picha 72 kwenye mkanda wa picha 36 ili kupunguza makali ya bei. Lakini kamera hiyo ndogo ilitoka kwa dola 500 kasoro senti chache. Kwa nini? Kwa sababu ujuzi ulikuwa umekatika. Wahandisi vijana walihitaji kufundishwa na wazee waliopata kutengeneza kamera za filamu zamani.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa Polaroid. Kiwanda chake cha mwisho cha filamu, kule Enschede, Uholanzi, kilipofungwa mwaka 2008, kikundi kidogo, wakiwamo waliokuwa wafanyakazi wake, kilizinunua mashine. Walidhani kazi imekwisha. Kumbe dawa zilizotumika zilikuwa hazipatikani tena, kwa kuwa waliozitengeneza nao walikuwa wameacha. Iliwabidi wabuni filamu upya. Walipoanza kuuza mwaka 2010, picha zake zilikuwa hafifu, nao wakafanya kazi kwa miaka mingi kuzisahihisha. Kufunga kulikuwa jambo la siku moja, na kufungua kuliwachukua miaka.

Ndugu zangu, chumba chetu nacho ni kiwanda kidogo. Mashine ya kukuzia ipo. Masinki yapo. Mwalimu anayejua dawa bado yupo kazini. Tukiweka madawati humo, mashine itaota kutu, mwalimu atastaafu, na siku mtakayosema bei imeshuka, mtatakiwa kununua kila kitu upya, pamoja na ujuzi.

Kwa hiyo natoa mapendekezo manne.

Kwanza, chumba kibaki, kitumike kwa picha nyeusi na nyeupe tu. Hizo zinaweza kusafishwa kwa mikono, kwa dawa chache, bila mashine kubwa.

Pili, chama chetu cha wanafunzi wa zamani kiagize mahitaji mara moja kwa mwaka, na tuzialike shule jirani na studio zilizobaki ziagize pamoja nasi. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Tatu, kila mmoja wetu atazame kabatini kwake. Kamera za baba zetu zimelala humo. Kamera za mitumba nazo zimepanda bei, kwa kuwa zinaharibika na hazizaliwi nyingine za kutosha. Kamera moja iliyotengenezwa na fundi itawafaa wanafunzi kumi kwa zamu.

Nne, vifaa viandikwe. Mali bila daftari huisha bila habari. Kila mkanda uwe na jina la aliyeuchukua, na kila mwanafunzi aeleze alichopiga na kwa nini. Filamu ghali ina faida hii moja, kwamba humfunza kijana kutazama kabla hajabonyeza.

Vijana, msiondoke hapa mkidhani nimesema vitu ghali ndivyo bora. Simu zenu zinapiga picha nzuri, nazo ni rahisi kwa sababu ile ile iliyoifanya Brownie kuwa rahisi. Nimesema tu kwamba bei ya kifaa hutuambia ni watu wangapi wameshikilia mzigo. Ukikuta jambo unalolipenda lina bei kubwa, kabla hujalaani muuzaji, tafuta wenzako. Na wewe ukiondoka, jua kwamba sehemu yako ya mzigo unawaachia wanaobaki.

Ndugu Mwenyekiti, kwa maelezo hayo napinga pendekezo namba 7, na naomba kutoa hoja kwamba chumba cha giza kiendelee.