Mfupa wa Maiti katika Goti la Aliye Hai

 

Ndugu Waislamu, tumeulizwa: Je, yafaa Mwislamu aliyeharibika goti atiwe mfupa na gegedu la mtu aliyekufa? Swali hili ni zito, kwani Mtume (s.a.w.) ameuwekea mfupa wa maiti heshima ile ile ya mfupa wa aliye hai.

Kwanza tulifahamu jambo lenyewe. Gegedu ni ule utando mweupe ulainishao mwendo wa mfupa juu ya mfupa. Halina mishipa ya damu, na kwa hiyo likimeguka haliponi kama ngozi iponavyo. Tabibu William Hunter aliyaeleza hayo huko London mwaka 1743. Shimo likiwa dogo, tabibu huliziba kwa vipande vya mfupa na gegedu kutoka pembeni mwa goti la mgonjwa mwenyewe, na hapo hapana shaka. Likiwa kubwa, ndipo kipande hutolewa katika goti la maiti. Hakigandishwi, huwekwa katika ubaridi wa nyuzi 4 hivi na kutumiwa katika wiki chache, chembe za gegedu zingali hai. Mfupa ule hulika kidogo kidogo, na mfupa wa mgonjwa ukashika mahali pake. Lakini gegedu hubaki la marehemu. Wala mgonjwa hapewi dawa za kudhoofisha kinga ya mwili, kama apewavyo aliyetiwa figo. Subhanallah!

Ama hukumu, Imamu Nawawi katika Minhaj, kitabu wanachokisoma wanafunzi wetu, amemhesabu kuwa na udhuru mtu aliyeunga mfupa wake kwa kitu najisi alipokosa kilicho safi. Na maiti wa binadamu, kwa kauli yenye nguvu kwetu Mashafii, si najisi. Kizuizi basi ni heshima yake. Baraza la Fikihi la Jumuiya ya Nchi za Kiislamu, lilipokutana Jeddah Februari 1988, lilijuzisha kuhamisha kiungo cha maiti ikiwa uhai wa mgonjwa, au kazi ya msingi ya mwili wake, yategemea kiungo hicho, kwa sharti marehemu awe ameridhia katika uhai wake, au warithi wake waridhie. Kuuza kukakatazwa.

Sisi twaona kwamba kwenda kwa miguu ni kazi ya msingi. Lakini mwenye maumivu madogo, anayeweza kutibiwa kwa njia nyepesi, asikimbilie mwili wa mwenzake. Na anayehitaji kweli amwulize tabibu: Kipande hiki kimetoka wapi, na nani aliridhia? Kwani mwenye goti lile hawezi tena kujisemea.

Aliyepasuliwa hukaa wiki kadhaa bila kulielemeza goti lake. Naye aswali kitini, akiashiria, na sijida yake aiinamie zaidi kuliko rukuu.