MATANGAZO YA CHAMA KATIKA SIMU: VITONE, NAMBA NA SENTENSI KAMILI

Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi, Nachingwea na Ruangwa



Kwa miaka mingi tangazo la chama cha msingi lilikuwa na njia mbili: ubao uliopigiliwa misumari ukutani mwa ofisi, na mbiu ya mgambo iliyopita kijijini wakati wa jioni. Siku hizi simu ya mkononi imezipita njia hizo kwa mwendo. Katika msimu wa korosho wa 2024/2025 wanunuzi waliweka bei zao kwa mtandao, kwa mfumo wa soko la bidhaa uitwao TMX. Na bei ikishatoka namna hiyo, habari zake hufika Mnero, Kilimarondo, Mandawa na Nambilanje kabla katibu hajatafuta gundi ya kubandikia karatasi.

Pamoja na simu umeingia mtindo wa kuandika mambo kwa vitone, yaani yale madoa meusi madogo yawekwayo mwanzoni mwa kila mstari. Mtindo huu umetoka katika kurasa za watu wa maofisini, ambao husoma kwa haraka na kupita. Haufai kudharauliwa. Orodha huonekana kwa jicho moja, na mambo manne yaliyotengwa hushikika kuliko mambo manne yaliyosongamana katika aya moja. Wala orodha si ngeni katika ushirika: muhtasari wa mkutano umekuwa ukiandikwa kwa ajenda na vipengele tangu zamani, na hata jina la Chama Kikuu RUNALI ni orodha ya wilaya tatu, Ruangwa, Nachingwea na Liwale, iliyofupishwa ikawa neno moja.

Lakini tangazo la chama lina jambo moja ambalo ukurasa wa mtu wa ofisini hauna. Husomwa kwa sauti. Mwenye simu ni mmoja, naye huwasomea jirani zake chini ya mkorosho, au humsomea mama yake ambaye macho yake hayaoni tena herufi ndogo. Anayesikiliza haoni kitone. Husikia maneno yaliyokatika tu. Tazama tangazo la namna hii, ambalo mifano yake haiko mbali:

• Mnada wa pili
• Daraja la kwanza 3,000
• Makato
• Malipo wiki ijayo
• Ushirikiano wenu ni muhimu

Msomaji anaona kwamba limepangika vizuri. Msikilizaji anabaki na maswali. Je, hiyo 3,000 ni kabla ya makato au baada yake? Ni bei ya juu ya mnada mzima, au ni bei iliyopata korosho za chama hiki? Makato ni kiasi gani? Na wiki ijayo ni ipi, kwa kuwa ujumbe huu utaendelea kurushwa kutoka kundi hadi kundi kwa siku kumi, na kila siku utazidi kusema wiki ijayo? Hakuna uongo hapo hata kidogo. Hata hivyo mkulima aliyepiga hesabu ya kilo zake kwa 3,000, kisha akapokea pungufu, ataamini kwamba ameibiwa, na ugomvi wa mkutano mkuu utakuwa umeanzia katika kitone cha tatu.

Jambo hilohilo likiandikwa kwa namba na kwa sentensi kamili huwa hivi, tarakimu zikiwa za kujifunzia tu:

1. Korosho za chama chetu za daraja la kwanza zimeuzwa kwa shilingi 3,000 kwa kilo, kabla ya makato.
2. Makato yote ni shilingi 250 kwa kilo. Mchanganuo wake umebandikwa ofisini.
3. Mkulima atapokea shilingi 2,750 kwa kilo. Aliyeleta kilo 400 atapokea shilingi 1,100,000.
4. Bei hii ni ya korosho zilizopokelewa ghalani hadi tarehe 20 Oktoba. Malipo yataingia benki kabla ya tarehe 31 Oktoba.

Limekuwa refu zaidi, lakini linasomeka kwa sauti, na kila mstari unaweza kusimama peke yake iwapo mtu ataunyofoa na kumpelekea mwenziwe. Mfano wa kilo 400 ni muhimu kuliko unavyoonekana. Wengi watajipima kwa huo kabla ya kushika kikokotoo. Namba nazo zina kazi ambayo kitone hakiwezi. Mwanachama aliyeko Likunja akimpigia simu katibu, atasema, "Katibu, hiyo namba mbili sijaielewa." Kitone hakina jina la kuitwa. Kwa hiyo vitone vitumike mahali ambapo mpangilio haujalishi, kama vile orodha ya mazao yapokelewayo. Penye hatua, fedha au tarehe, ziwekwe namba.

Upo pia upande wa gharama, ambao haujulikani kwa makatibu wengi. Si kila mwanachama ana simu ya WhatsApp. Wenye vitochi hupata habari kwa ujumbe mfupi wa kawaida. Ujumbe huo huchukua herufi 160, nafasi zikihesabiwa, mradi alama zote zimo katika orodha ya alama za kawaida za mitandao ya simu. Kitone cheusi hakimo. Kikiingizwa hata kimoja, ujumbe mzima huhamia katika mpangilio mwingine wenye nafasi ya herufi 70 tu, na ukizidi hapo hukatwa vipande vya herufi 67. Hivyo ujumbe wa herufi 150, ambao ungekwenda kama kipande kimoja, hugeuka vipande vitatu kwa ajili ya kitone kimoja. Chama chenye wanachama 600 hulipia vipande 1,800 badala ya 600. Kistari, nyota na namba havina gharama hiyo. Alama ya juu katika neno kama "ng'ombe" nayo iangaliwe, kwa maana kompyuta hupenda kuipinda yenyewe, na ikipindwa huleta hasara ileile.

Kwa WhatsApp shida hiyo haipo. Tangu mwaka 2024, mstari unaoanza kwa kistari na nafasi hujigeuza kuwa kitone, na unaoanza kwa namba, nukta na nafasi hujipanga kama orodha. Neno lililowekwa kati ya nyota mbili hukolezwa wino. Likolezwe neno moja au mawili. Tangazo lililokolezwa lote ni sawa na mtu anayepiga kelele tangu salamu. Picha za moto, tarumbeta na mikono zisiwekwe mahali pa namba: wasioona hutumia simu zinazowasomea kwa sauti, na simu hiyo hulitaja jina la kila picha.

Yapo mambo yasiyoingia katika orodha hata yakisukumwa. Tarehe 12 Novemba 2018, baada ya wakulima kuzikataa bei za wafanyabiashara mnadani, Serikali ilitangaza kuwa ingenunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Bei hiyo ilitosha katika mstari mmoja. Lakini malipo yalitanguliwa na uhakiki wa wakulima na mashamba yao, ili walionunua kwa kangomba wasilipwe kama wakulima. Na nani ahakikiwe, kwa ushahidi gani, na mwenye shamba la urithi afanye nini, hayo ni maelezo yenye "kwa sababu" na "isipokuwa" ndani yake. Kitone hukata viungo hivyo. Bei iliposhuka, au makato yalipoongezeka, katibu na aandike aya nzima yenye sababu. Katika hali hiyo orodha fupi huonekana kama kificho, hata pale ambapo hakuna kilichofichwa.

Ipo orodha moja isiyofaa kupelekwa kundini kabisa: ile ya majina ya wakulima pamoja na namba za akaunti na za simu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inakihusu chama kama inavyoihusu benki. Mwenye malipo yaliyorudi aitwe ofisini au apigiwe simu.

Ubaki wasifu wa chama, yaani maelezo mafupi yanayokaa juu ya ukurasa wake. Wengi hujaza vitone vya sifa: waadilifu, wachapakazi, wabunifu. Mnunuzi wa ufuta hapati kitu humo. Anataka jina la chama kama lilivyoandikishwa, namba ya usajili, kijiji na wilaya, mazao, miezi ya msimu na ghala linalotumika. Hapo vitone vinafaa sana, kwa kuwa ni mambo mafupi yasiyotegemeana. Mwishoni iwekwe tarehe ya mara ya mwisho wasifu uliporekebishwa.

Namba ya simu iwe ya ofisi na laini isajiliwe kwa jina la chama, siyo la katibu, kwani katibu huhama na wanachama wakaendelea kumpigia aliyekwisha kuondoka. Nywila za kurasa hizo ziingizwe katika makabidhiano ya ofisi, pamoja na mizani, vitabu vya stakabadhi na funguo za ghala.