Mtoto Hujifunza kwa Watu
Hotuba ya Kamati, Siku ya Mtoto wa Afrika



Leo tarehe 16 Juni twawakumbuka watoto wa Soweto waliopigwa risasi mwaka 1976 kwa kukataa kulazimishwa kusoma kwa Kiafrikaans. Twawakumbuka pia wanafunzi wa Mpondwe, karibu na Bwera hapa Kasese, waliouawa usiku wa tarehe hiyo hiyo mwaka 2023. Tuinamishe vichwa.

Ndugu zetu, lugha si jambo dogo. Mtoto aliyezoea Kifaransa huko Kongo, akivuka mpaka hukuta Kiingereza. Hunyamaza darasani, hurudishwa kukaa na wadogo, watu husema ni mzito. Si mzito. Mtazameni akicheza mweso: anahesabu mbegu upesi kuliko sisi. Sokoni, watoto wa Kinande na wa Kikonzo husikilizana siku ya kwanza, maana lugha zao ni ndugu. Mtaalamu Lev Vygotsky (1896–1934) alieleza hivyo: lile ambalo mtoto haliwezi peke yake leo, akisaidiwa na anayejua zaidi, kesho ataliweza mwenyewe.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu. Walimu, mketisheni mgeni pamoja na mwenzake anayesikia lugha yake. Mashirika, waajirini wasaidizi wa walimu kutoka miongoni mwetu. Nasi wazazi tusiache hadithi na vitendawili vya jioni eti kwa sababu tuko ugenini. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.