Shule zinafunguliwa Jumatatu: maneno ya mwalimu kwa wanachama

(Mwalimu mmoja, mwanachama wetu, alisema maneno haya kwenye mkutano wetu wa Februari 2021, hapa Baraka. Tumeyaandika karibu jinsi alivyoyasema.)

Sitachukua saa nzima, najua wengine wameacha ndagala juani.

Tangu radio ilipotangaza kwamba shule zitafunguliwa tarehe 22, nimepata maneno ya aina mbili njiani. Mama mmoja sokoni aliniambia: "Mwalimu, mnataka tulete watoto waende kufa?" Sikufika hata mita mia, mzee mmoja akaniita: "Hii korona ni ya watu wa Kinshasa, kwa nini mlituharibia watoto mwaka mzima?" Wote wawili ni watu wa hapa, na wote wako na watoto kwetu. Leo nataka niwajibu wote pamoja.

Tukumbuke namna ilivyokwenda. Mgonjwa wa kwanza alitangazwa Kinshasa tarehe 10 Machi 2020. Siku nane nyuma yake Rais akasema shule zote zifungwe. Tulidhani ni wiki nne. Wa mwaka wa mwisho walirudi tarehe 10 Agosti juu ya mitihani, lakini watoto wengine wote walingoja mpaka 12 Oktoba. Tukasoma miezi miwili na kidogo, halafu Desemba tarehe 18 tukafunga tena. Sasa tunaambiwa turudi. Mtoto aliyekuwa darasa la tano wakati wa kufunga, yuko la sita, na mimi mwalimu wake siwezi kusema kwa kweli kwamba alisoma la tano.

Kila mara serikali ilipofungua, ilitoa amri zilezile: mikono inawe kwenye mlango, kila mtu avae kashene, watoto wakae mbalimbali. Amri ni nzuri. Lakini ninyi mnalijua darasa letu. Tangu Septemba 2019 masomo ya msingi ni bure, na mimi siwezi kusema vibaya juu ya hiyo, kwa sababu nimeona watoto waliokuwa wanafukuzwa kila mwezi juu ya minerval wakiingia na kukaa mpaka mwisho wa mwaka. Ni jambo kubwa. Ila watoto waliongezeka, kuta hazikuongezeka. Benchi la watoto watatu linabeba watano. Ukisema wakae mita moja mmoja kwa mwingine, nusu ya darasa itakaa ziwani. Na ziwa lenyewe linapanda, mmeona, limekwisha kula vyoo vya watu huku chini.

Watu wanauliza kama inawezekana kusoma wakati wa ugonjwa. Inawezekana. Ndugu zetu wa Beni na Butembo walikuwa na Ebola karibu miaka miwili, tangu Agosti 2018 mpaka Juni 2020, na hata hapa kwetu Kivu ya Kusini ilifika Mwenga mwaka wa 2019. Kule watoto waliendelea kusoma. Walinawa kwenye mlango, walipimwa joto, mwalimu alijua nani wa kumuita akiona mtoto ana homa. Mwezi huu Ebola imetangazwa tena Butembo. Lakini waliweza kwa sababu bidoni zilifika, sabuni ilifika, na ilipokwisha ilifika nyingine. Amri bila sabuni ni karatasi tu.

Sasa nataka niseme kitu kinachoniuma, na afadhali mkisikie kutoka kinywa changu.

Mwezi wa kumi shule yetu ilipewa vifaa. Karatasi ilisema bidoni nne za robine, sabuni, na kipima joto. Gari lilikuja saa ya jioni, dereva alikuwa na haraka, direkta hakuwapo, mimi nikatia sahihi. Nilitia sahihi mbele ya kuhesabu. Kuhesabu, nikakuta bidoni mbili, sabuni nusu ya katoni, na kipima joto hakuna. Nilikwenda kuuliza, nikaonyeshwa jina langu chini ya karatasi. Kwa hiyo huko juu shule yetu iko na bidoni nne, na mtu wa Kinshasa akifungua kitabu chake ataona watoto wetu wananawa vizuri. Simtaji mtu, sikumuona aliyechukua. Ninachojua ni kwamba kosa la sahihi ni langu, na nyuma ya wiki tatu sabuni ilikwisha na watoto wakawa wanapita kwenye bidoni kavu, wanagusa robine kwa kidole, wanaingia. Mazoea, mnaona. Kwa hiyo ombi langu la kwanza halihusu hata franga moja: kitu chochote kikifika shuleni kihesabiwe mbele ya wazazi watatu, na hesabu iandikwe kwa chaki kwenye ukuta wa nje.

Kuhusu wale wanaosema tufunge mpaka ugonjwa uishe. Wamama, mimi ninaita majina kila asubuhi. Oktoba niliita majina, na mengine hayakujibu. Wavulana wawili wako Misisi, wanabeba mchanga wa dhahabu. Mmoja anavua usiku, mchana analala. Na kuna msichana, mwenye akili sana katika hesabu, alikuja siku moja akasimama nje ya dirisha, viatu mkononi, tumbo linaonekana. Nilipotoka kumuita, alikuwa amekwenda. Hawa hawakuugua korona. Waliniambia kuna masomo kwenye radio, na ni kweli, Radio Okapi ilifanya kazi nzuri. Lakini radio inataka betri, betri inataka makuta, na mtoto anayesikiliza Kifaransa peke yake bila mtu wa kumuuliza, kwa dakika kumi anasinzia. Nyumbani kwangu walianza wanne. Wiki ya pili alibaki mmoja, naye alikuwa anangoja muziki.

Na mzee aliyesema korona ni ya Kinshasa, namwambia hivi: sawa, tuiache korona. Kolera je? Hiyo si ya Kinshasa. Hapa hakuna familia isiyoijua, na wote tuliopita kambini Tanzania, Lugufu ama Nyarugusu, tunakumbuka kupanga mstari wa maji na kufundisha watoto kunawa mpaka ikawa wimbo. Bidoni yenye sabuni kwenye mlango wa shule haiulizi ni ugonjwa gani.

Tuje kwenye kasa yetu, maana najua ndiyo mnangojea. Kuna wanaosema: kazi ya shule ni ya Leta, sisi kasa yetu ni ya matanga na ya wagonjwa. Wana haki. Ni kazi ya Leta. Juni mwaka jana Benki ya Dunia ilikubali dola milioni 800 kwa ajili ya elimu ya bure katika nchi yetu, na sisi hapa tunabishana juu ya sabuni. Lakini naogopa kitu kingine pia. Tukilipa kila kitu kimyakimya, kesho ofisi ya elimu itaandika kwamba shule hii haina shida. Ndiyo maana napendekeza tugawanye mzigo, na tuandike mgawanyo wenyewe.

Kasa itoe bidoni mbili na sabuni mpaka Pasaka, basi. Maji yataletwa na wazazi kwa zamu, kila darasa siku yake. Vyoo, madarasa, mabenchi, kasa isiguse. Hayo tuyaandike kwenye barua kwa ofisi ya elimu, pamoja na ile hesabu ya bidoni nne zilizokuwa mbili, nami nitatia sahihi tena, safari hii nikiwa nimesoma.

Katika barua hiyo kuna neno moja ambalo sitakubali litoke, nalo ni la walimu. Mnajua mgomo wa Oktoba, shule zilipofunguliwa tu. Kati yetu kuna wanaolipwa, na kuna wale wa N.P., wasiolipwa, ambao majina yao yanazunguka SECOPE miaka na miaka. Zamani wazazi ndio walikuwa wanawapa kidogo. Masomo yalipokuwa bure, kidogo hicho kikakatika, na mshahara wa Leta haukufika mahali pake. Mwalimu huyo saa moja asubuhi ndiye tunamtaka asimame mlangoni, aangalie kila mtoto, amtambue mwenye homa. Saa hiyo yuko bilangani, analima apate chakula. Nitamlaumu namna gani?

Kwa wafadhili wetu nina neno fupi. Mwaka jana tulipokea kashene za watu wakubwa. Aksanti sana, lakini mtoto wa darasa la kwanza ilimfunika mpaka macho. Hapa tuko na washonaji, wengi ni wanachama wetu waliojifunza kushona kambini. Mkitutumia makuta ya kitambaa, kashene itamtosha mtoto na mshonaji atakula.

Na wale wasichana. Nimekwisha kusema na direkta, amekubali kuwapokea wote, mwenye mimba na mwenye mtoto mgongoni. Kinachobaki ni nani ataenda nyumbani kwao kuwaambia, maana wakimuona mwalimu mwanaume wanajificha. Naomba wamama wawili wajitolee leo, mbele hatujatoka hapa. Majina ya wasichana ninayo mfukoni, sitayasoma mbele ya watu, nitayatoa kwa hao wawili tu.

Jumatatu mlango utafunguliwa saa moja kasoro robo. Zamu ya maji ya kwanza ni ya wazazi wa darasa la sita. Bidoni mbili za zamani ziko nyumbani kwangu, robine ya moja inavuja, nani yuko na kipande cha mpira?