Tela la Kubebea Trekta: Tupime Kwanza, Tununue Baadaye

Hotuba ya Mratibu wa Miradi wa Dayosisi kwa kamati za miradi za sharika na wageni wetu wafadhili, Dodoma



Tumeomba nafasi ya kuzungumza juu ya jambo ambalo wengine wataliona dogo, nalo ni tela. Habari za trekta lenyewe mmekwisha kuzisikia katika mikutano mingi. Leo tunasema juu ya tela la kulibebea. Tunasema kwa sababu katika jambo hili ofisi yetu ilikosea, na kosa lile liliwagharimu watu wengine kuliko sisi tulioandika karatasi.

Tulipoandika ombi la trekta dogo la nguvu za farasi 30, tuliorodhesha trekta, plau, rotaveta na "tela moja". Sisi tulimaanisha tela la kuvutwa na gari, ambalo lingebeba trekta kutoka usharika mmoja hadi mwingine. Wenzetu waliolisoma ombi walielewa tela la kuvutwa na trekta, lile la kubebea mavuno na samadi. Wao hawakuuliza, nasi hatukufafanua. Mzigo ulipofika tukapokea tela zuri la shambani, ambalo kamwe haliwezi kubeba trekta linalolivuta.

Fedha zilikuwa zimekwisha, hivyo tukakodi lori. Kupandisha trekta kwenye lori kijijini mnakufahamu. Lori linarudishwa nyuma hadi kwenye kichuguu au ukingo wa barabara, mbao mbili zinalazwa, trekta linapanda. Mara ya nne ubao mmoja ulivunjika. Trekta liliinama upande, na kijana aliyekuwa utingo aliruka akavunjika mguu. Tunamshukuru Mungu kwamba alipona, lakini msimu ule hakulima shamba lake. Trekta nalo lilikaa kwa fundi wiki tatu.

Ndugu zetu wageni, wiki tatu zinaweza kuonekana chache. Lakini mkoa wetu una msimu mmoja tu wa mvua, takriban Desemba hadi Aprili, na mvua zenyewe hukatika bila kuaga. Wiki tatu za Desemba na Januari haziwezi kulinganishwa na wiki tatu za Julai. Mama mmoja mjane, aliyekuwa amekwisha kulipia ekari mbili za mtama, alilima sehemu yake kwa jembe la mkono akiwa amechelewa, akavuna kidogo. Tulipomrudishia fedha yake alituuliza kama trekta lile lililetwa kulima au kutazamwa. Hatukuwa na jibu.

Sisi si wa kwanza kukwama namna hii katika nchi hii. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza mpango mkubwa wa kulima karanga hapa Kongwa. Fedha zilikuwepo, na matrekta mengi yalinunuliwa, hata yale yaliyobaki baada ya Vita Kuu ya Pili. Lakini bandari ya Dar es Salaam ililemewa na mizigo, mafuriko ya mto Kinyasungwe yaliharibu reli, na mitambo mizito ikabaki kutegemea barabara ya udongo. Zilikuwepo sababu nyingine pia, kama udongo unaokuwa mgumu kama tofali wakati wa kiangazi na mvua zisizotabirika. Mwaka 1951 mpango uliachwa. Wazee wetu walijifunza pale kwamba mashine isiyoweza kufika shambani kwa wakati haijanunuliwa bado.

Je, tela linahitajika?

Kabla ya kuuliza ukubwa wa tela, kamati ijiulize kama inalihitaji. Pawatila, kama zile zilizosambazwa wakati wa Kilimo Kwanza kuanzia mwaka 2009, hupanda kwenye pickup bila shida. Trekta dogo ni jambo jingine. Hata kama bodi ya pickup ingetosha kwa urefu, gari la kubeba tani moja halipaswi kubebeshwa trekta la kilo 1,300.

Trekta pia linaweza kutembea lenyewe. Kwa safari ya kilomita 15 au 20 kati ya mitaa ya usharika mmoja, mwacheni dereva aliendeshe, mchana, taa zikiwaka. Lakini kutoka Dodoma hadi Kondoa ni karibu kilomita 160. Kwa mwendo wa kilomita 25 kwa saa, hizo ni zaidi ya saa sita barabarani, katikati ya mabasi na malori, huku tairi za shambani zikilika juu ya lami. Hapo ndipo tela linapohitajika.

Uzito: jumlisheni kila kitu

Kosa la kawaida ni kusoma uzito wa trekta peke yake. Chukueni karatasi, mwandike hivi. Trekta letu, kilo 1,300. Rotaveta, kilo 250. Plau, kilo 200. Maji yaliyojazwa kwenye tairi za nyuma ili zisiteleze, kilo 150. Madumu mawili ya dizeli, vifaa vya fundi, minyororo na tairi la akiba, kilo 100. Jumla ni kilo 2,000. Mwone jinsi kilo 700 zilivyoingia bila kupiga hodi.

Juu ya hapo ongezeni sehemu moja ya tano, kwa ajili ya mashimo ya barabara na kwa ajili ya kifaa kitakachonunuliwa mwakani. Tunapata kilo 2,400. Huo ndio uwezo wa kubeba tunaoutafuta. Angalieni sana tofauti iliyopo hapa: uzito ulioandikwa kwenye bamba la tela mara nyingi ni wa tela pamoja na mzigo wake. Tela lililoandikwa kilo 2,400, kama lenyewe lina kilo 750, litabeba kilo 1,650 tu. Muuzaji akisema "tela la tani mbili na nusu", mwulizeni: pamoja na tela lenyewe au bila?

Gari litakalovuta

Namba ya pili iko kwenye kitabu cha gari. Pickup kama Land Cruiser kwa kawaida huruhusiwa kuvuta hadi kilo 3,500 ikiwa tela lina breki zake, na kilo 750 tu kama halina. Tafadhali rudieni kuisoma sentensi hiyo mkifika nyumbani. Tela la trekta lisilo na breki zake lisinunuliwe, hata kama ni zawadi ya bei.

Sasa tujumlishe. Tela la kilo 750 na mzigo wa kilo 2,000 ni kilo 2,750, na Land Cruiser inavuta vizuri, na akiba inabaki. Lakini usharika wenye gari dogo, ambalo kitabu chake kinaandika kilo 2,500, umekwisha kuvuka mpaka. Usharika huo ubebe kifaa kimoja kwa safari moja, na tairi zisijazwe maji, au ukodi gari linalofaa.

Wapo wanaosema, basi tununue tela kubwa kabisa ili tusikosee. Hilo nalo ni kosa. Tela zito lenye kilo 1,400 likibeba mzigo uleule linafika kilo 3,400. Gari limefika karibu na ukomo wake kabla ya kupanda mlima wa kwanza wa Mpwapwa, nanyi mnalipa dizeli ya kuvuta chuma kitupu.

Sheria nayo tuikumbuke. Tela husajiliwa na kuwa na namba yake, taa zake ziwake, na dereva awe na leseni ya daraja linalohusika. Sheria ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 ya kudhibiti uzito wa magari inayataka magari ya kuanzia kilo 3,500 kupita mizani. Gari na tela lenye trekta huvuka kiwango hicho kwa urahisi. Dereva asiipite mizani kama ya Nala kana kwamba anaendesha pickup tupu.

Urefu, upana na ngazi

Pimeni trekta likiwa na kifaa nyuma yake, si trekta tupu. La kwetu, kutoka pua hadi mwisho wa rotaveta, lina mita 3.7. Tuliongeza sentimita 60 ili tuweze kulisogeza mbele au nyuma kutafuta usawa. Hivyo sakafu ya mita 4.3 ingetosha, nasi tulichagua 4.5. Upana wa trekta kutoka tairi hadi tairi ni mita 1.4, na sakafu ya mita 1.8 inampa dereva nafasi. Pana kuliko hapo litakwangua miiba kila upande kwenye njia za vijijini, na refu mno litagusa ardhi kwa mkia likivuka korongo.

Tela liwe na ekseli mbili. Tairi moja ikipasuka, nyingine tatu zinashikilia hadi msimame salama. Na tairi ziwe na rimu inayoingiliana na ya gari linalovuta. Kwa namna hiyo tairi moja ya akiba inatumika kote, nanyi hamtatafuta saizi ya ajabu Jumamosi jioni huko Chemba.

Ngazi za chuma za kupandishia msizikate ili kupunguza bei. Sakafu ikiwa sentimita 60 kutoka ardhini, ngazi ya mita 2 inatoa mwinuko wa nyuzi kama 17. Ngazi ya mita 1.2 inatoa nyuzi 30, na hapo trekta dogo huweza kuinua pua na kumwangukia dereva. Kijana wetu aliumia kwa sababu ya ubao. Tusirudie.

Kupakia

Trekta likae mbele kidogo ya katikati ya ekseli, ili karibu sehemu moja ya kumi ya uzito wote iegemee ndoano ya gari. Likikaa nyuma mno, tela litaanza kuyumba kama mkia wa samaki, na dereva mwenye haraka hatalirudisha. Likikaa mbele mno, nyuma ya gari hushuka na usukani huwa mwepesi. Shusheni rotaveta hadi iguse sakafu, vuteni breki ya mkono, wekeni gia, kisha fungeni minyororo minne kwenye pembe nne, na mwingine juu ya kifaa. Baada ya kilomita 5 simameni, mkaze tena. Na mtu yeyote asipande juu ya tela, hata mtoto wa mchungaji.

Ombi letu

Kwa kamati za sharika: kabla ya kuleta ombi ofisini, leteni namba nne. Uzito wa mzigo wote, uwezo wa gari kutoka kwenye kitabu chake, urefu wa trekta pamoja na kifaa, na umbali wa mashamba. Pangeni pia ratiba kwa kijiji: mashamba yote ya upande mmoja yaishe kabla trekta halijahama. Tela moja likipangwa vizuri linaweza kuhudumia sharika tatu.

Kwa ndugu zetu wafadhili: tunajua kwamba bajeti ikizidi, mstari wa tela ndio wa kwanza kukatwa, kwa kuwa haulimi. Tunawasihi msiukate. Kama fedha hazitoshi, afadhali trekta lisubiri mwaka mmoja. Nasi kwa upande wetu tunaahidi kuandika maneno kamili: "tela la kuvutwa na gari, la kubebea trekta, lenye breki, ekseli mbili, uwezo wa kubeba kilo 2,400." Neno moja tulilolifupisha lilitugharimu msimu mzima.

Katika Luka sura ya 14 Bwana wetu alisema juu ya mtu anayetaka kujenga mnara, akaketi kwanza kuhesabu gharama. Sisi hatukuketi. Yule mama mjane bado ni mshiriki wetu, na jina lake liko katika orodha ya watakaolimiwa msimu ujao. Safari hii tunataka trekta lifike kwake kabla ya mvua.